Safari ya Jangwani Hupangwa kwa Maji

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Juzi, baada ya sala ya Alasiri, walitujia barazani vijana wanane, watano wa Mombasa na watatu wa Lamu, na karatasi mkononi. Walikuwa wamekusudia safari ya miguu ya siku tano katika milima ya jangwani huko Kaskazini Mashariki, kila mmoja na shanta lake mgongoni, na walitaka tuwatazamie mpango wao kabla hawajafunga mizigo. Tuliwapongeza kwa mambo mawili: kwamba wametaka kuijua nchi yao kwa nyayo zao wenyewe, na kwamba wameona si vyema kuondoka bila ya kushauriana na wakubwa.

Karatasi yenyewe ilikuwa imepangwa vizuri. Mahema manne. Viatu vigumu vya kupandia mawe. Dira na ramani. Kurunzi nane. Kamera mbili. Betri za kuchajia simu. Biskuti, mikate, samaki wa kopo, sabuni. Mwisho kabisa, chini ya sabuni, iliandikwa hivi: maji, tutanunua njiani.

Pale barazani alikuwapo mzee mmoja mwenyeji wa Garissa, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye amekwenda na kurudi njia za huko tangu ujana wake. Aliisoma karatasi kimya, akaikunja, akairudisha. Kisha akauliza swali moja tu.

"Wanangu, nani ametangulia?"

Vijana wakatazamana. Mkubwa wao akajibu, "Ami, hapana aliyetangulia. Twaenda sote pamoja."

Mzee akasema, "Basi hamjapanga safari bado. Mmepanga mizigo."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu leo. Siku hizi imekuwa desturi kwa vijana kuunda vikundi vya kutembea na kupanda milima, na jambo hilo ni la heri. Mwili hupata afya, na mtu huwajua wenziwe wa nchi moja ambao alikuwa akiwasikia redioni tu. Walakini jangwa si Ngong, wala si vilima vya Shimba Hills ambako mtu akichoka huteremka barabarani akapanda matatu. Huko mpango mbaya hulipwa kwa roho. Maoni yetu ni kwamba safari ya jangwani hupangwa kwa maji, na maji hayajulikani ila kwa wenyewe wanaoishi nayo. Mwenye kupanga kwa ramani na vifaa peke yake amepanga nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye uhai.

GARISSA HAINA MLIMA

Kwanza yafaa tuijue nchi. Wengi wetu huku pwani tukisikia Garissa hudhani ni jina la kaskazini nzima. Mji wa Garissa uko ukingoni mwa Mto Tana, na mto huo ndio huo huo unaomwaga maji yake baharini huku kwetu, karibu na Kipini. Nchi yake ni tambarare yenye vichaka vya miiba. Mwenye kutafuta mlima hapo atatafuta hata jua litue. Kutoka Garissa hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300, na nchi bado ni tambarare.

Milima huanza kuonekana mtu akifika ile pembe ya juu, magharibi ya kaunti ya Mandera, pande za Takaba na Banisa, hata mpaka wa Ethiopia ambako Mto Daua hupita Malka Mari. Mahali hapo palitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1989. Mwenye kutaka milima mirefu zaidi yampasa aelekee magharibi, kaunti ya Marsabit, ambako Mlima Kulal umepanda zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, ukilitazama Ziwa Turkana. Vijana wetu walikuwa wameandika "milima ya Garissa" katika karatasi yao. Kosa hilo peke yake lingewapotezea siku mbili na nauli.

Lakini ramani ya nchi hiyo ina faida moja kubwa kwa mwenye kuisoma kwa masikio, kwa maana majina yake mengi ni habari za maji. El kwa Kisomali ni kisima. El Wak ni visima vya Mungu, na Wak ni jina la Mwenyezi Mungu ambalo watu wa huko walilitumia tangu kabla ya Uislamu kuwafikia. Malka kwa Kiborana ni mahali pa kuteremkia mtoni au pa kuvukia. Laga ni mto wa mchanga, ambao hauna maji juu yake ila siku za mvua. Na Habaswein, mji ulio kati ya Isiolo na Wajir, maana yake ni vumbi kubwa. Mwenye kuambiwa jina kama hilo hahitaji kuelezwa zaidi. Watu waliozipa nchi majina hayo walikuwa wakiwaachia wajukuu wao mpango wa safari.

SAHAN

Turudi kwa swali la mzee. Kwa nini aliuliza nani ametangulia?

Wafugaji wa Kisomali hawahamishi boma kwa kukisia. Kabla akina mama hawajaivunja aqal, ile nyumba ya fito za kupinda na mikeka ambayo hubomolewa na kupakiwa juu ya ngamia, hutumwa watu wachache wenye miguu mizuri na macho mazuri zaidi. Kazi yao huitwa sahan. Huenda siku moja, mbili, ama zaidi, wakatazama. Maji yapo au yamekauka? Kama yapo, ni matamu au ya chumvi? Malisho yakoje? Ni nani amekwisha kufika hapo, na je, atakubali majirani? Kuna maradhi ya mifugo, ama ugomvi? Wakirudi, wazee huketi, habari husikilizwa na kuulizwa mara ya pili na ya tatu, ndipo neno la kuondoka likatoka.

Sisi watu wa bahari twapaswa kulielewa jambo hili upesi. Nahodha wa Lamu aliyekuwa akienda Arabuni hakuanza kwa kuuliza ni maili ngapi. Aliuliza upepo, akauliza maji yaliyomo pipani, akauliza bandari gani ataweza kuingia upepo ukimgeuka. Alijua kwamba Kaskazi ina miezi yake na Kusi ina miezi yake, na asiyeiheshimu hiyo miezi hakai na chombo muda mrefu.

Jangwa nalo lina miezi yake. Wasomali wana misimu minne. Gu ni mvua kubwa, yapata masika yetu. Hagaa hufuata, wakati wa upepo na ukavu. Deyr ni mvua ndogo, yaani vuli yetu. Kisha huja Jilaal, kuanzia Januari hata mvua za Machi au Aprili, na huo ndio msimu ambao mtu na mnyama hupimwa. Anayekwenda kutembea milimani wakati wa Jilaal kwa kuwa ofisi yake imempa likizo amepanga kwa kalenda isiyo ya nchi hiyo. Miezi ya Juni na Julai, baada ya Gu, ina nafuu: joto limepungua kidogo na baadhi ya madimbwi bado yana maji.

Hata hivyo msimu peke yake si dhamana. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwanzo wa 2023 mvua za misimu mitano mfululizo zilipungua mno kaskazini, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika Kenya. Kabla watu hawajapumua, mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko yaliyokata barabara na kuzamisha mitaa ya Garissa. Mwezi wa Aprili 2024 Tana ilifurika tena, na boti iliyokuwa ikivusha watu karibu na mji huo ikapinduka, roho zikapotea. Kwa hiyo dimbwi lililomwokoa msafiri mwaka jana huenda mwaka huu likawa udongo uliopasuka. Kitabu hakiwezi kukwambia hayo, wala simu. Atakwambia mtu aliyelala hapo juzi.

HESABU YA MADUMU

Sasa tufanye hesabu, kwa maana maji yana uzito na uzito haudanganyi. Mtu anayetembea kutwa katika joto la huko hawezi kupata chini ya lita sita kwa siku, za kunywa na kupikia, na siku ya jua kali sana huzidi hapo. Watu wanane mara lita sita ni lita 48 kwa siku. Mara siku tano ni lita 240. Ongeza akiba ya siku moja, kwa ajili ya kupotea njia au mtu kuugua, utapata lita 288. Lita moja ya maji ni kilo moja. Basi hayo ni madumu kumi na tano ya lita 20, kasoro kidogo, na kila kijana angebeba kilo 36 za maji matupu kabla hajatia shantani blanketi, unga wala viatu vya pili.

Hapana mgongo wa mtu utakaopanda mlima na mzigo huo. Tulipowafanyia vijana wetu hesabu hii walikaa kimya, na mmoja akaanza kuifuta ile orodha ya kamera.

Kwa hiyo kuna njia mbili tu. Ya kwanza ni mnyama. Ngamia mwenye nguvu hubeba kiasi cha kilo 150, naye hatadai sehemu katika maji hayo kwa siku zote tano. Ngamia wawili watachukua maji, wa tatu atachukua chakula na mahema, na siku mtu akiteguka mguu, mzigo hugawanywa na mgonjwa akapandishwa. Lakini ngamia haendeshwi na mtu wa Mombasa aliyemwona ufukweni akipiga picha na watalii. Kufunga tandiko lisimchubue, kumpakia pande mbili zikalingana, kumpigisha magoti na kumwinua, yote hayo ni elimu, na wenye elimu hiyo ni wachungaji wake. Waajiriwe, walipwe ujira wa haki, na wakisema ngamia amechoka, waaminiwe.

Njia ya pili ni kisima cha uhakika katikati ya njia. Kikiwapo siku ya tatu, mzigo wa maji hupungua karibu nusu. Walakini neno "uhakika" ndilo lenye kazi hapo, nalo hupatikana kwa sahan.

KISIMA KINA MWENYEWE

Hapa tuna jambo la kuwaambia vijana kwa ukali kidogo. Mtu wa mjini amezoea mfereji. Hufungua, huchota, huondoka, wala hajui nani alichimba. Jangwani kila kisima kina wenyewe. Kimechimbwa na watu wenye jina, hufukuliwa mchanga kila mwaka na vijana wao, na pengine kimewahi kuua mchimbaji. Majirani Waborana wana hata mzee wa zamu za kunywesha, aba herega, ambaye hupanga nani atateka leo na nani kesho, na mnyama wa mtu mkubwa hamtangulii mnyama wa maskini kama si zamu yake.

Mgeni hatanyimwa maji ya kunywa. Ukarimu wa watu hao hauna shaka, na mara nyingi utapewa kibuyu cha maziwa ya ngamia kabla hujaomba maji. Lakini kunywa ni jambo moja, na kujaza madumu kumi na tano ni jambo jingine. Wakati wa Jilaal, lita 288 ni maji ya mbuzi wengi waliokuja kwa miguu kutoka mbali. Mwenye kufika na kuteka bila ya kuuliza, akaoga na sabuni kando ya kisima maji machafu yakarudi ndani, ameiba, ijapokuwa hapana askari wa kumshika. Hivyo mpango wa safari uingie swali hili: tutaomba kwa nani, na tutaacha nini? Pengine ni fedha za kufukulia kisima, pengine ni kamba mpya na ndoo. Wenyeji ndio watakaosema.

FUNZO LA PANGO LA THAUR

Wasomaji wetu wanaijua vyema safari moja ya jangwani iliyopita kati ya milima, yaani Hijra ya Mtume Muhammad (s.a.w.) kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622. Aghalabu twaihadithia kwa miujiza yake, na tukasahau jinsi ilivyopangwa. Sayyidna Abu Bakar aliwalisha ngamia wawili kwa miezi minne, wakingojea idhini ya kuondoka. Masurufu yalitayarishwa nyumbani, na Bibi Asma akayafungia kwa mshipi wake alioupasua. Kijana Abdullah bin Abi Bakar alishinda Makka akisikiliza habari na kuzipeleka pangoni usiku. Amir bin Fuhaira alipitisha mbuzi jioni, wakapata maziwa. Na kiongozi wa njia, Abdullah bin Uraiqit, alikodiwa mapema na kupewa miadi ya kukutana baada ya siku tatu, ilhali hakuwa Mwislamu. Alichaguliwa kwa kuwa alizijua njia na alikuwa mwaminifu.

Aliyekuwa na ahadi ya Mola wake hakuacha kumtafuta mjuzi wa njia. Sembuse mimi na wewe, tusemao "tawakal" huku dumu li tupu?

Na katika mafunzo ya safari tuliyoachiwa ni kwamba watu wakiwa watatu na zaidi wamchague mmoja wao awe amiri. Vijana wanane wasio na amiri ni maoni manane, na wakubwa wetu walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Amiri achaguliwe kabla ya kuondoka, si siku ya kutatizika. Si lazima awe mwenye nguvu kuliko wote. Yafaa awe mwenye kusikiliza. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma kabisa. Na kabla ya kuondoka kundi zima likubaliane mpaka wa kurudi: ikiwa maji yamefika nusu na kisima hakijaonekana, twarudi, hata kilele kiwe mbele ya pua zetu. Neno hilo likiachwa lije kuamuliwa juani, kila mtu atakuwa na kiu na hapana atakayeamua sawa.

WALIOTUTANGULIA

Tusidhani kwamba watu wa pwani ni wageni wa njia hizo. Mwaka 1887 msafara wa Count Teleki wa Hungary na mwenziwe Ludwig von Höhnel uliondoka Pangani ukiwa na wapagazi zaidi ya mia mbili, wengi wao watu wa pwani na Unguja. Aliyewaongoza njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani. Machi 1888, baada ya kushuka katika mawe meusi ya volkano, walilifikia lile ziwa ambalo leo laitwa Turkana. Wazungu walilipa jina la mwana wa mfalme wao. Wapagazi walikimbilia majini kwa kiu, wakayakuta yana ladha ya magadi. Njaa iliwaandama katika safari hiyo, na wengi hawakurudi kwao. Majina yao hayamo katika ramani yoyote.

Miaka minne baadaye, Septemba 1892, kijana tajiri wa Marekani, William Astor Chanler, aliondoka Lamu pamoja na huyo huyo von Höhnel na msafara mkubwa. Waliufuata Mto Tana kupita pande za Garissa ya leo, kisha wakashika Mto Ewaso Nyiro kulitafuta Lorian, ambalo walitaraji kulikuta ziwa kubwa. Walipofika walikuta kinamasi, matete na mbu. Wangekuwa wametanguliza watu wawili na mchungaji mmoja wa huko wangepata habari hiyo kwa gharama ndogo. Mwaka uliofuata wanyama wao wa mizigo walikufa, von Höhnel akajeruhiwa vibaya na kifaru, na mwishowe wapagazi wengi wakamwacha Chanler, akarudi pwani mwanzoni mwa 1894.

Haikukosekana fedha katika msafara huo, wala bunduki, wala ramani bora za wakati wake. Kilichokosekana ni habari za kweli za maji, na watu waliokuwa tayari kuendelea na kiongozi wao. Kundi la vijana wanane la leo laweza kuanguka kwa mambo yale yale mawili.

MAMBO YA NJIANI

Baada ya hayo, vifaa vina nafasi yao, nasi hatuvidharau. Tutaje machache ambayo wenyeji wa huko huyasisitiza.

Mwendo uwe wa alfajiri. Mtu asali, anywe chai, aondoke kabla ya jua, na saa nne asubuhi awe amekwisha kutafuta kivuli. Ataondoka tena baada ya Alasiri hata magharibi. Anayetembea saa saba mchana hunywa maji ya kesho yake. Nguo iwe pana na ya mikono mirefu, na kichwa kifungwe. Kikoi na kilemba vyafaa kuliko fulana za kisasa. Chakula kisicholeta kiu ni bora: tende, unga, na ile nyama ya kukaushwa na kuhifadhiwa katika samli, nyirinyiri, ambayo hukaa wiki nyingi bila kuharibika. Samaki wa kopo wenye chumvi waachwe mjini. Chumvi na sukari kidogo zichukuliwe kwa ajili ya kuchanganya katika maji ya mtu aliyezidiwa na joto. Na yule aliyeacha kutoka jasho, akaanza kusema ovyo, asiambiwe ajikaze; atiwe kivulini, amwagiwe maji, na safari isimame.

Usiku msilale ndani ya laga, hata mchanga wake uwe laini kama godoro. Mvua inayonyesha milimani, mbali msikoiona, huja hapo kama ukuta mbingu ikiwa na nyota. Viatu vikung'utwe asubuhi kabla ya kuvaliwa, kwani nge na nyoka nao hutafuta mahali pa kulala.

Kuhusu ibada, dini haikumwacha msafiri. Ipo ruhusa ya kupunguza sala na kuzikusanya, na ipo tayamamu pale maji yanapokuwa ya kunusuru roho. Kabla ya kuondoka, vijana wamwendee shehe wao wakazijue hukumu hizo, ili asije mtu akamaliza maji ya wenziwe kwa udhu akidhani anafanya wema.

La mwisho, na zito, ni usalama. Nchi hiyo imeona misiba. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Desemba ya mwaka huo huo, wanamgambo waliposimamisha basi karibu na El Wak na kutaka abiria wagawanywe kwa dini, abiria Waislamu walikataa kuwatoa wenzao. Tunayakumbusha yote mawili ili msomaji aijue hatari na awajue watu. Hatari ipo bado, hasa kandokando ya mpaka wa Somalia na msitu wa Boni. Basi chifu wa mahali aarifiwe, polisi waarifiwe, na kama ni mbugani, Shirika la Wanyamapori litoe ruhusa. Nyumbani iachwe karatasi yenye njia, majina, na siku ya kurudi, maana nje ya miji simu hupotea. Wenyeji wakisema "leo msipite", neno hilo lisijadiliwe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huko guu ndilo la kurudia nyumbani.

RAI YETU

Twaziomba serikali za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ziwaandikishe wachungaji wanaozijua njia, ziwape vyeti, na kuweka ujira unaofahamika, ili kijana wa Mombasa ajue amwendee nani na mchungaji asipunjwe. Twawaomba walimu wa pwani na wa kaskazini wawatume wanafunzi kuwauliza wazee majina ya visima na misimu, kabla wajuao hawajatutoka. Elimu hiyo iko vichwani mwa watu ambao hawakuiandika, kama ilivyokuwa elimu ya manahodha wetu, ambayo kubwa yake tumekwisha kuizika pamoja nao.

Na vijana wale wanane? Baada ya Magharibi mzee wa Garissa aliwaambia: "Mimi sikukatazeni. Nawaombeni mwende mkiwa wageni, msiende mkiwa wenye nchi." Wamekubaliana kuahirisha safari mpaka Gu ipite. Wawili wao watatangulia kwa basi, wakae na wenyeji juma moja, wakavione visima kwa macho. Wengine watabaki kujizoeza kutembea na mzigo. Amiri wamekwisha kumchagua, naye ni yule mdogo wa Lamu aliyekuwa akisikiliza zaidi ya kusema.

Karatasi wameiandika upya. Mstari wa kwanza sasa unasema maji, wa pili unasema tutamwuliza nani. Sabuni imekuwa ya mwisho.